Farasi wa Jiwe la Kijani

Jumatatu, 3 Mei 1954
Leo ofisini nimepiga barua kumi na nne kwa mashine. Kosa moja, nikalikwangua kwa wembe. Majaribio yangu ya kazi ya miezi sita yanaisha mwezi huu. Papa Anaclet, mzee wetu na karani mkuu, ndiye atakayeandika ripoti: nibaki, au nirudi kwa baba, kule Kipushi. Na Jumamosi nacheza naye fainali ya sataranji kwenye cercle, klabu yetu. 

Jumatano, 5 Mei
Léonard wa meza ya pili, mbele ya wote: "Émile, ukipiga Papa Anaclet kwenye fainali, lundi utafagia bureau!" Eti Jumatatu nitafagia ofisi. Nilicheka nao. Naogopa.

Jumamosi, 8 Mei
Nimeshinda. Sina furaha.
Farasi mmoja mweusi wa sataranji yetu alipotea zamani. Mahali pake tunaweka malakiti, jiwe la kijani la mgodini. Vipande vyeusi vilikuwa vya Papa Anaclet. Akiwaza, hupapasa chochote: kalamu, kifungo. Leo alipapasa lile jiwe. Akashtuka, akaondoa mkono. Sheria ni moja: ukigusa, unasogeza. Na farasi yule ndiye aliyekuwa akimlinda mfalme wake; akisogea, mfalme anabaki wazi.
Mwamuzi alikuwa anafungua dirisha. Niliona mimi tu. Papa Anaclet akaniangalia. Akangoja. Nikajifanya natazama saa.
"Njo vile," akakubali. "Nimeligusa." Akalisogeza. Hatua tatu baadaye akashindwa.
Makofi. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 10 Mei
Ameniita.
"Uliona, mwanangu?"
"Ndiyo, Papa."
"Juu ya nini ulinyamaza?"
"Niliogopa."
"Karani mwenye kukosea, nitamufundisha. Mwenye kuona na kunyamaza, nitamufanya nini?"
Ripoti ilikuwa mezani pake. Jina langu juu, chini peupe.

Alhamisi, 13 Mei
Barua yake kwa mkurugenzi ilipita kwangu ili niitie kwenye bahasha. Ameshatia sahihi. Tarehe: Aprili, na sisi tuko Mei. Nimeisoma mara tano. Ningeweza kuifunga tu.
Nikaenda mezani pake, Léonard akitazama. "Papa, hapa kuna kosa." Nikamwonyesha tarehe kwa kidole.
Alisoma. "Piga ingine," akasema. Basi.

Ijumaa, 14 Mei
Jina langu liko kwenye orodha ya zamu za Juni. Nabaki. 
Saa kumi na moja, cercle. Papa Anaclet alikuwa ameshapanga vipande. Vyeusi kwangu, na jiwe. Mvua imekwisha tangu mwezi uliopita, dirisha wazi. Tulicheza. Sikuligusa jiwe mpaka nilipojua pa kuliweka.