Pole Nilizopewa Nikiwa Hai

Mwajuma,

Nimekukasirikia. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia tu. Kulia nimelia pia, mama yako ni shahidi. Siku ya msiba nililia mpaka shangazi zako wa Mutuka wakaniuliza kama nami ni wa ukoo.

Nakuandikia nikiwa dukani kwenu, hapa Maisaka. Mama ameanza kufungua tena. Vitenge anavikunja vizuri kama zamani, ila akitaja jina lako anakatisha maneno na kuanza kutafuta kitu cha kushika. Nikitoka kazini nampitia, namsaidia kupanga mzigo, tunakunywa chai.

Juzi akanipa simu yako. "Paska mwanangu, mwenzio alikuwa na watu wake huko mtandaoni, wanapenda sana michoro yenu. Wewe umesoma naye, utajua maneno ya kuandika. Waambie hayupo, wamwombee."

Michoro yenu. Mama yako alisema yenu, Mwaju.

Unakumbuka ilivyoanza? Kidato cha tatu, lile shairi refu la mapenzi ambalo wenzetu walilikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mume yuko safarini, mke anangoja, mume anarudi anakuta kaburi. Wewe ulilia mbele ya wavulana bila aibu. Halafu ukachana karatasi ya katikati ya daftari, ukaikunja, ukasema, "Mimi nachora mume, wewe chora mke, na hakuna kuchungulia. Hawa hawaonani, na sisi tusionane." Tukimaliza tunafunua pamoja. Mara mkono wa mume umekuwa mkubwa kuliko kichwa cha mke, mara wote wawili wanatazama upande mmoja kama abiria wanaosubiri basi. Shairi lilikuwa la pwani, limejaa minazi, na mimi mnazi sikuwahi kuuona, nikamsimamisha mke kwenye shamba la alizeti la baba yangu kule Nakwa. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mchoro wetu aliubandika ukutani.

Shule ikaisha, sisi tukaendelea, kila Jumapili kwenye benchi la hili duka. Ukafungua ukurasa wa michoro. Nilikuuliza jina langu liko wapi, ukasema, "Subiri kwanza tupate watu, tutaweka yote mawili." Nikasubiri. Na kitochi changu hiki kisicho na intaneti ningeona nini? Wewe ulikuwa unanisimulia tu, leo wamesifu hiki, leo wamependa kile, nami naridhika kama mtoto aliyepewa pipi.

Kisha nikapata kazi Kateshi, tukaacha kuchora kwa muda. Na huko nyuma ndipo uliponifanyia hili.

Nimelisoma kwenye simu yako, kwa maneno yako mwenyewe. Umeandika kwamba mwenzako aliyekuwa akichora upande wa mke amefariki, na wewe unaendelea peke yako kwa kumuenzi. Chini yake watu wamekupa pole, wamejaa. Wengine wameniombea nilale mahali pema. Mmoja aliuliza nilikufa na nini, ukamjibu kwamba niliugua ghafla. Wewe ndiye uliyeugua ghafla, Mwaju. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikatoka nje nikasimama.

Najua waliuliza mbona mke haonekani siku hizi. Ungesema yuko Kateshi. Ila Kateshi hailizi mtu, sivyo? Ukaona uwape shairi zima, mpaka na kaburi. Na niliporudi ulikuja kunipokea stendi, ukanikumbatia, ukanibebea begi. Ulikuwa umeshanizika. Tulikaa kwenye benchi hili hili, ukanimiminia chai, ukaniuliza kama nina hamu ya kuchora. Uliwezaje? Hilo ndilo linaloniuma kuliko jina. Jina ningelidai, tungenuniana, yangeisha. Sasa nimdai nani?

Nikinyamaza, basi nimekufa, na wale wanawake wote niliowachora wanakuwa wa marehemu asiyejulikana. Nikisema, watu waliokupenda watajua ulikuwa mwongo, na mama hana faraja nyingine zaidi ya hizo sifa zako. Nimeshinda na simu yako mchana kutwa, nikiandika na kufuta.

Mwishowe nimeandika hivi: Mwajuma, aliyekuwa akichora upande wa mume, amefariki. Tumemzika hapa Babati. Tunaomba mumwombee. Anayewaandikia ni Paskalina, mchoraji wa upande wa mke. Mimi sijafa.

Kabla sijatuma nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani nani alisema umekufa?"

Nilimtazama, ameshika kitenge ambacho alikuwa ameshakikunja. Nikamwambia ni makosa tu ya mtandao, walichanganya majina. Akasema, "Haya, tuma," akarudi kwenye mzigo wake. Nikatuma.

Nimekudanganyia mama yako, Mwaju, na sitakudanganyia tena mtu mwingine yeyote. Pumzika. Makaburini sitakuja kwa sasa, usinitazamie. Nikipoa nitakuja, hilo nakuahidi, nitakaa hapo pembeni yako nikuulize kwa nini, hata kama najua hutanijibu.

Mwenzako, niliye hai,
Paskalina