Munganga alisema moto, mi nikanywa mayi

Lelo ni siku ya mbili ya juma. Mvua tangu asubuhi, na mu avenye yote, barabara yetu, hakuna mutu wa kumuambia, “Mvua gani hii!”

Majirani bote balienda. Mine ya kuchimba shaba inapanuka, inatukula nyumba kwa nyumba. Juzi bakavunja ya Mama Kapinga. Yeye ndiye alikuwa ananiambia sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, iko na chumvi mingi. Sasa natia chumvi na hakuna mutu wa kunigombeza.

Zamani, wakati kazi ya shaba ilianguka na sisi batu ba Kasai tukafukuzwa huku, nililala mu gare, ku stesheni, na batoto, tukingoja treni ya kuturudisha Kasai. Kisha miaka nilirudi huku. Nikaapa: kutoka huku mara ya pili haitakuwa.

Lakini moyo wangu haukuapa.

Juma iliyopita munganga wa hopitali aliniambia mishipa yangu iko na inflamasio.

“Sema Kiswahili, wewe!”

“Kambo,” akasema, kama bijana banavyoita bibi muzee, “iko na moto ndani. Ukiwa kijana, mwili unaitengeneza haraka. Ukizeeka unachelewa, na moyo unachoka kusukuma damu.”

Moto! Basi, moto unazimwa na nini? Nilikunywa mayi asubuhi, mchana, magharibi, nikajisifu peke yangu. Miguu ikavimba kama mikate. Nikilala chali, pumzi inakatika.

Lelo nimerudi kwake. Akashika kichwa.

“Kambo, nani alikuambia kunywa mayi mingi hivi?”

“Wewe! Ulisema moto!”

Akacheka. Mi sikucheka. Akanifasiria kwamba moyo dhaifu haufukuze mayi, yanabaki mu miguu na mu mapafu. Akanipa dawa ya kukojoa, akakataza chumvi. Halafu akauliza nakaa na nani, juu pumzi ikikatika tena usiku, lazima mutu asikie.

Nikajibu: na batoto.

Uongo mutupu. Ningekuwa na mutu mu nyumba, angenitukana ku kikombe cha kwanza: “Muzee, uko mupumbavu?” Tusi hilo ndilo nililokosa, na kulikosa karibu kuniue.

Binti yangu iko Kasaji, muji mwingine, mbali na mine. Kila mwezi ananiita nikae kwake, kila mwezi nakataa. Lelo nimemupigia, nikamulaumu kwanza kwamba simu yake haishike vizuri. Akangoja nimalize.

“Mama, unataka nini?”

“Hakuna.”

“Basi nakata.”

“Ngoja! Kama unapita huku...”

“Sipite huku. Sema vizuri, Mama. Mara moja tu.”

Mi, mwenye sijaomba mutu hata kiberiti.

Nikasema: “Mutoto wangu, kuja unitwae.”