Mzee na Vifungo vya Shati

Arua, Jumamosi

Kaka yangu Fadhul,

Salaam aleikum. Huku hatujambo. Mwanangu Zam amepita mtihani wake, na mvua imeharibu mihogo kidogo tu. Nakuandikia kwa sababu juzi uliponikatia simu sikuwa nimemaliza.

Ulisema shilingi elfu themanini kwa mwezi ni nyingi mno kwa ajili ya jimu ya mazoezi, na kwamba Mzee atembee tu barabarani, ni bure. Fadhul, wewe uko Koboko na duka lako. Tangu kiharusi kiulemaze mkono wa baba yetu, mimi binti yake ndiye ninayemwogesha na kumvalisha suruali. Anafumba macho. Askari aliyeamrisha watu anafumba macho mbele ya mwanawe. Hilo hukuniuliza bei yake.

Hata hivyo, nilikuwa nimeshaanza kumpeleka jimu ya hapa Mvara. Kocha anamfunga utepe wa mpira mkononi, Mzee anavuta, anatoka jasho, anatoa matusi ya kambini. Sasa ni wiki ya saba. Jana, kabla ya swala ya Ijumaa, nilichukua shati lake nimvalishe kama kawaida. Akaninyang'anya.

"Medina, toka nje," akasema. "Mimi iko vaa nguo."

Nilisimama nyuma ya mlango karibu nusu saa. Alipotoka, vifungo viwili vilikuwa vimeingia matundu yasiyo yake. Sikuvigusa. Tulikwenda msikitini hivyo hivyo.

Nimelipa miezi mitatu mingine. Ukiona ni ghali, njoo umwambie yeye mwenyewe.

Dada yako,
Medina