Nyumba Isiyotoa Moshi

Baraka, tarehe 27 mwezi wa nne 2025

Kwa Mama yangu Bazubagira,

Mama, yambo sana. Ni miye Muhoza. Tangu niolewe na Eddy, haukutaka kusikia jina langu, na pengine utaitazama barua hii na kuiweka chini. Tafadhali, usome kwanza. Uko muzima? Mugongo bado unakuuma? Sisi tuko bazima. Huku Baraka, pembeni ya ziwa, kuko joto, na binti yetu Kirezi, mwenye haujamuona bado, ametimiza miaka mine.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa luga yetu. Ni Arlette aliniomba hivyo, ule mama anayepandisha chumvi na sabuni kwenu. Barua ikikamatwa kwenye barieri, pale bantu ba bunduki bamefunga njia, afazali bakute maneno yenye kila muntu anajua kusoma.

Yeye njo aliniletea habari zenu. Kwamba tangu kaka yangu Sebineza auawe, weye unalea batoto bake babili, Byiringiro na Igihozo, maana mama yao alikufa siku ya kumuzaa Igihozo. Kwamba majirani karibu bote bamekimbia. Na kwamba ku mulima muzima hakuna nyumba inatoa moshi, juu bale bantu ba bunduki banafuata moshi. Mama, baridi ya huko juu naijua, nilikulia ndani yake. Bila moto batoto banalala namna gani? Usiku huku natupa shuka pembeni sababu ya joto, kisha nabakumbuka, naona haya.

Nimempa Arlette mablanketi mawili mazito, chumvi, na sweta ya Igihozo. Unijibu hata mustari moja.

Mutoto wako,
Muhoza


Huku juu, tarehe 15 mwezi wa tano

Muhoza,

Salamu zako nimezipata. Mungu anatulinda, tuko hai. Mugongo ni ule ule.

Chumvi imefika. Mablanketi hayakufika; bale ba barieri balisema yanafaa kwa kazi yao. Sweta pia balikamata, sijui nani kwao anaivaa, iko ya mutoto wa miaka mitatu. Arlette alilia mbele yangu. Nilimuambia aache, kwamba hata kufika kwake ni kitu.

Umeuliza tunalala namna gani. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni, na ukishafunika nyumba napika haraka, maana moshi ukiingia mu ukungu hakuna anayeutambua. Napika maharagi, na ndani ya moto naweka mawe ya mulimani, yale makavu. Ya mutoni yanapasuka. Ukungu ukianza kufunguka nazima. Mawe nayafunga mu vitambaa, nayaweka chini ya majani tunayolalia, na jioni bado yanashika joto kidogo. Byiringiro njo anakata majani. Yakilowa tunatupa, tunaleta mengine. Matundu ya ukuta nimeyaziba na mavi ya ngombe. Ndama tunamulaza ndani pamoja nasi, yeye njo jiko letu. Igihozo anamulalia tumboni, na ndama hakatai. Kisha tunalala mugongo kwa tumbo, mutoto katikati.

Kwa hiyo usione haya kwa joto lako. Na usiniambie nishuke. Sura yangu itafika kwenye barieri mbele ya miguu yangu, na bataona kabila letu.

Habari ya bwana yako sikuiuliza.

Mama Sebineza


Baraka, tarehe 30 mwezi wa tano

Mama,

Amani iwe kwako na kwa bale batoto. Barua yako niliisoma mpaka karatasi ikalegea. Nimeona hata namna ulivyotia jina pale chini. Umeniandikia, inanitosha.

Arlette iko na mufuko mukubwa. Usicheke. Ni bulangeti yenye tumeshona sisi wenyewe, unajua kushona njo kazi yangu pale soko. Kwa nje ni vipande vya vitenge na magunia. Ndani tumejaza nyavu za kuvulia za zamani, tumezikunja moja juu ya ingine. Wazo lilitoka kwa Mama Eddy, mama mukwe wangu. Alisema: "Kitu kizuri hakipiti barieri. Tushone kitu kibaya, na kinuke." Nyavu alizitoa kwa ndugu zake bavuvi, kijijini Lweba. Tulizifua, lakini hatukuzifua sana.

Najua ulivyosema siku nilikuambia nimepata bwana wa kabila ingine, Mubembe wa ziwani: kwamba harufu ya samaki haitaingia mu nyumba yako. Mama, sasa inakuja. Uiache iingie.

Kitu kingine. Ukiondoa chungu cha maharagi ku moto, ukifunge mara moja na nguo na majani makavu. Kitaendelea kuiva chenyewe, na jioni mutakula cha moto bila kuwasha tena. Lakini makala yanayowaka usiingize mu nyumba iliyofungwa, hata kama hayatoi moshi. Nella, jirani yetu, mukimbizi wa Burundi, alipoteza dada yake vile. Alilala, hakuamuka.

Baba wa Eddy anakusalimia. Yeye alizika bantu bake Makobola, bale bauawa wakati wa vita na askari benye ba kwetu balikuwa kati yao, na siku nilifika kwake na mufuko wangu hakunifungia mulango. Sikukuambia wakati ule, juu haukutaka kusikia.

Mutoto wako,
Muhoza


Huku juu, tarehe 22 mwezi wa sita

Mwanangu Muhoza,

Nakusalimia, weye na Kirezi. Bulangeti imefika. Arlette anasema pale barieri baliifungua, balinusa, bakamutupia nayo ku uso. Alifika hapa bado anacheka. Mwanangu, inanuka kweli! Usiku wa kwanza nililala nimegeukia ukuta. Usiku wa pili baridi ikanigeuza yenyewe. Batoto banaiita bulangeti ya ziwa. Byiringiro anauliza kama ziwa lenyewe liko na joto vile.

Mushono wa upande moja ni wako, naujua. Upande wa pili ni mudogo mudogo, umenyooka, wa muntu mwenye hana haraka. Ni wa yule mama? Umuambie nimeuona.

Sasa ingine. Kiangazi kimeingia. Mbingu iko wazi, asubuhi majani yako meupe na baridi, na ukungu hakuna tena. Bila ukungu moto wangu hauna fasi ya kujificha. Siku ya upepo mukali nawasha kidogo na kuni kavu sana, nachungulia mulangoni mpaka nizime. Siku zingine tunakula cha baridi. Juma lililopita bale ba bunduki balikuja kuchukua ngombe zilizobaki, na ndama akafuata mama yake. Jioni ile ile tukajua nyumba imebadilika.

Igihozo anakohoa. Si sana. Lakini anakohoa.

Mama yako


Baraka, tarehe 19 mwezi wa saba

Mama mupenzi,

Natamani barua hii ikukute unapumua vizuri, weye na batoto. Jibu la kwanza nililokuandikia limerudi mukononi mwangu. Njia imefungwa, Arlette hakuweza kupanda, na dawa ya kifua yenye nilimupa alirudi nayo. Iko hapa mbele yangu, chupa imejaa. Hii nampa mwalimu mumoja mwenye atajaribu kuzungukia njia ya Misisi.

Igihozo anapumua namna gani? Akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani? Anakula? Nilienda kwa muganga, akaniambia mutoto mwenye kifua vile asiguswe na baridi hata kidogo. Nikamuuliza, "Na kama moto njo unaleta bunduki?" Akaita mugonjwa mwingine.

Eddy anasema uwashe. Miye niliandika washa, nikafuta. Nikaandika usiwashe, nikafuta. Unaona hapa karatasi imetoboka. Sijui nikuambie nini, Mama. Kweli sijui.

Mutoto wako,
Muhoza


Huku juu, tarehe 2 mwezi wa nane

Mwanangu Muhoza,

Salamu nyingi. Huyu mama anayekupa barua hii, mwenye kubeba mutoto mugongoni, anaitwa Mama Déogratias. Umupe maji kwanza, umupe fasi ya kukaa, kisha usome. Mutoto ni Igihozo.

Tangu ile bulangeti sijapata neno lako lingine, kwa hiyo hakuna aliyenishauri. Mutoto alizidi. Nilimuweka kifuani, ngozi kwa ngozi, bulangeti juu yetu, Byiringiro nyuma yangu, na bado midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilishika vidole vyake. Vilikuwa baridi sawa vya kaka yako siku tulimuosha. Hapo nikaamuka, nikaanza kupanga kuni.

Byiringiro akaniambia, "Koko, bataona."

"Baone," nikamujibu.

Jua lilikuwa linashuka na upepo haukuwa. Moshi ulipanda wima juu ya nyumba, hata kipofu angeuona. Nilitia kuni zote zenye nilikuwa nimeficha. Igihozo akafungua macho, akaukodolea moto sawa muntu anayekutana na ndugu wa zamani.

Kisha tukasikia miguu. Nilimusukuma Byiringiro nyuma ya gunia, nikakamata panga.

"Hodi, Mama."

Nikasogea nyuma ya mulango, panga juu.

"Hodi. Tumeona moshi. Hatuna bunduki."

Ilikuwa sauti ya mwanamuke, na kwa namna ya kusema kwake nilijua ni Mubembe. Nikauliza, "Muko bangapi?"

"Miye na baba yangu. Tunalala mu mianzi tangu nyumba zetu ziungue, na yeye ni muzee. Tunaomba moto tu, Mama. Tukishaota, tutaenda."

Nilisimama pale na panga ile. Sitakudanganya, nilifikiri kutofungua. Nikakuona weye, na ule mufuko wako, mbele ya nyumba ya bakwe zako. Nikafungua.

Muzee aliweka miguu karibu na moto, imepasuka yote. Mama Déogratias aliona bulangeti, akaivuta puani, akasema, "Hii ni ya kwetu," akaanza kulia, na miye nikalia naye. Kisha akapangusa uso, akamuchukua Igihozo, akamukanda kifua na mawese yenye alikuwa nayo mu chupa, akamunywesha maji ya moto kidogo kidogo mpaka mutoto akatoka jasho. Hakuna mwingine aliyekuja. Sijui juu ya nini. Pengine bale nao balikuwa na baridi, hawakutaka kutoka.

Asubuhi aliniambia, "Mutoto huyu anahitaji dawa. Weye hauwezi kupita. Miye nitapita naye, nitasema ni wangu."

Muhoza, nilimupa. Nilimufunga mugongoni mwake na kikwembe changu mwenyewe, kile kitenge cha zamani, na fundo yeye njo akalimalizia. Kama nimekosa, Mungu ataniuliza.

Byiringiro hawezi kupita. Amekuwa murefu, na sura yake ni Sebineza mutupu. Nabaki naye, na yule muzee anabaki nasi, maana miguu yake haitashuka mulima. Ananisaidia kutafuta kuni. Moto tunauwasha sasa bila kungoja ukungu. Nimechoka kuogopa moshi.

Kirezi umukumbatie. Na Eddy umusalimie. Unaona, nimeandika jina lake.

Mama yako


Baraka, tarehe 30 mwezi wa nane

Mama mupenzi,

Nakusalimia kwa moyo wote, na Byiringiro, na muzee. Igihozo anapona. Alilala hospitali, alichomwa sindano, sasa anakula ndakala, bale samaki badogo ba ziwa, na anagombana na Kirezi. Jana alimuuliza Mama Eddy kama yeye njo mwenye ziwa.

Mama Déogratias tuko naye hapa nyumbani. Kwenye barieri moja balimuuliza juu ya nini mutoto hafanani naye. Akabajibu, "Anafanana na baba yake, muende mumuulize yeye." Balicheka, bakamuacha. Anasema alitembea mbali sana bila kuangalia nyuma. Kila jioni anamulilia baba yake.

Tangu barua yako hakuna muntu ameshuka kutoka kwenu. Arlette ameacha kazi ile. Bantu banaotoka Fizi banasema asubuhi moshi unaonekana ku mulima wenu, moja tu. Miye nasema ni wako. Mama Déogratias anasema ni wenu. Bengine banasema bale ba bunduki njo bamepiga kambi pale, na kwamba nyumba ya mwisho iliungua zamani. Tunabishana mpaka chakula kinapoa.

Eddy alikuwa anatusikiliza. Jana aliacha mapikipiki ya bantu bila kutengeneza, akarudi mapema, akaweka mu mufuko dawa, unga, na suruali ya Byiringiro yenye nilishona kwa kukisia. Akaniambia, "Andika." Nikamuuliza atapita namna gani kwa bantu ba kwetu, Mubembe peke yake, na nani atamuamini. Akasema, "Andika tu, Mama Kirezi."

Kwa hiyo barua hii anaileta yeye mwenyewe. Ni muntu murefu, anachechemea kidogo, na hasemi kwa nguvu. Nimemufundisha kusema amahoro, salamu yetu ya amani, kwa luga yetu. Anasema vibaya, ulimi wake unateleza katikati. Mama, ukisikia amahoro mubaya mulangoni, umufungulie.

Mutoto wako,
Muhoza