Dada Alikuona, Mimi Sikukuona

Mama yangu niliyekukosa mapema,

Sijamwambia mtu: namwonea wivu dada Rehema kwa sababu yako. Ulipofariki yeye alikuwa darasa la tatu, mimi bado nanyonya. Yeye anakukumbuka. Mimi nina picha ya ukutani tu.

Dada ni mjamzito, lakini kila akifika lango la hospitali anageuka kurudi nyumbani, maana wewe uliingia hukutoka. Ndipo akaenda Mbezi kwa mama mmoja mshauri anayetibu kwa hipnosia, nami nikamsindikiza. Nilidhani atalazwa usingizi. Kumbe alisikia kila kitu. Mshauri alimtuliza kwa sauti ya taratibu mpaka akili inayohojihoji ikakaa pembeni, kisha akazungumza na ile ya ndani, inayotunza hofu na mazoea bila kutuuliza. Huko dada akakukuta. Ulikuwa unamsuka nywele mtindo wa twende kilioni uani kwetu Temeke, unamwambia, "Tulia, kichwa si mpira." Akacheka amefumba macho. Nilitaka kumtikisa.

Mshauri alituonya kwamba anayoyaona mtu humo si lazima yawe yalitokea hivyo; muhimu ni hofu kulegea. Sikujali. Nikaomba zamu yangu. Nikafumba macho, nikapumua, nikakungoja. Hukuja, mama. Nilijikuta tu nimeshika ncha ya sikio langu, kama nifanyavyo nikiona haya mbele za watu.

Tulipotoka nikamwambia dada sikuona kitu, nimeishia kushika sikio.

"We mtoto, hujui?" akasema. "Ulikuwa hunyonyi mpaka umshike mama sikio. Mie nikitaka kulishika, ananiambia, 'Hilo la mdogo wako.'"

"Ulikasirika?"

"Nilikuwa nakufinya akigeuka."

Nadhani ndiyo akili ya ndani aliyoisema mshauri. Sina sura yako wala sauti, ila mkono wangu ulikujua kabla sijajua kusema.

Juzi dada aliingia kliniki, amenikamata mkono, akapimwa mpaka mwisho. Nilimfurahia kweli. Lakini nilifurahi zaidi siku ile aliposema "la mdogo wako," nikaona midomo inamcheza. Mtu mzima, na bado linamuuma.

Pumzika, mama. Hilo la kufurahi asilijue dada. Libaki kwetu wawili.

Mwanao wa mwisho