Mkanda Nilioupaka Mafuta

Chacha, mura,

Gari linatembea. Nimeona nianze na hilo, maana ungekuwa hai ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama wanao wamekula. Kigari cha parokia kimewaka Jumamosi saa nne asubuhi, pale ukutani kwa zahanati, na mkanda mpya wa taimingi, ule wa mpira wenye meno, nimeuvalisha mimi Mwita, kwa mikono hii uliyokuwa unasema inafaa kushika usukani na kijiko basi. Padre aliupata Mwanza baada ya barua sijui ngapi. Miezi saba gari lilikuwa juu ya mawe, kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Kiti hicho hicho. Ngoja, nitafika huko.

Nilifanya vile ulivyonionyesha. Nikachomoa waya wa betri. Nikatoa plagi ya kwanza, nikashusha spoku ya baiskeli ndani ya tundu, nikamwambia mpishi wa padre azungushe injini kwa spana polepole mpaka spoku ipande na kugoma kupanda tena. Alama ya puli ya chini, gurudumu la mkanda, ikakaa mahali pake. Ya juu nikaiweka kwa mkono. Nikavalisha mkanda, nikaachia kikaza kiubane, nikazungusha mizunguko miwili kama ulivyokuwa unanigombeza kila siku nisisahau. Alama ya juu imepita jino moja! Nikavua, nikarudia. Imepita tena. Nikakaa kwenye vumbi nikalia, mtu mzima mwenye watoto watano, mpishi amesimama na spana yake hajui atazame wapi. Alidhani nalilia gari.

Mara ya nne zikakubali. Ikawaka. Lakini wewe ungetega sikio, ufumbe jicho moja, useme "bado" au useme "sawa." Mimi nilisikia injini tu. Mpaka leo naendesha na sijui kama iko bado au iko sawa.

Sasa nisikilize, kwa sababu sitaweza kuandika haya mara mbili.

Unakumbuka mkanda ule wa kabla ya huu, aliouleta mdogo wako Wambura kutoka ng'ambo ya mpaka? Mpaka umefungwa, maduka yetu hayana hata sabuni, na Wambura akapita kwenye mahindi ya watu kule Sirari na mkanda ameuzungusha tumboni chini ya shati. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Leo mdogo wangu kaja na mimba ya mpira." Ukauchukua, ukaukunja, ukaukunjua, ukaukagua juani jino kwa jino, ukasema huu mzima kabisa. Ukauvalisha siku hiyo hiyo. Kisha ukaitwa Natta kutengeneza trekta la kijiji, ukakaa huko wiki tatu.

Wiki ya pili nikasikia mlio huko mbele, mwembamba, kama filimbi ya refa. Nikafungua kava. Vumbi tupu, na mkanda umepauka. Chacha, sisi kitu kilichopauka tunakifanyaje? Baba alinifundisha kabla sijajua kufunga kaptura: ngozi ya nira ikipauka, ipake mafuta ya ng'ombe, la sivyo itakatika katikati ya shamba na maksai watakukimbia. Grisi haikuwepo wilaya nzima. Nikaenda kwako, nikamwomba shemeji Bhoke mafuta. Akanipa kwenye kibuyu kidogo, hakuuliza ya nini. Nikaupaka ndani na nje, jino kwa jino, kwa mapenzi, kama mtu anayepaka mtoto mchanga.

Na mlio ukaisha! Hapo ndipo nilipojiona fundi. Kila nilipopeleka mgonjwa nikirudi nafungua kava, naongeza kidogo. Uliporudi sikukuambia, nilitaka ugundue mwenyewe. Na uligundua. Ulisimama mlangoni ukasema, "Mura, limetulia. Umelifanyaje?" Nikakujibu, "Linanipenda kuliko linavyokupenda wewe." Tukacheka. Jamani, tulicheka! Ningekuambia pale ungenitukana matusi yote ya Kikurya, ungeutoa mkanda, ungeuosha, ungenieleza kwamba mpira si ngozi, na leo ungekuwa hapa.

Tumbo lako lilipoingia siku ya pili likiuma, mganga wa zahanati akasema Tarime, upasuaji, leo leo. Tukakulaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Bhoke. Kulikuwa kumekucha vizuri, jua zuri tu. Tukapita kijito, tukaanza kile kilima, na injini ikanyamaza. Haikukohoa wala haikuyumba. Nikapiga stata, inazunguka. Nikapiga tena.

Ukasema kutoka nyuma, macho umefumba, "Inazunguka nyepesi. Mkanda umeondoka. Fungua, uniambie."

Nikafungua. Meno yalikuwa yamebanduka, yamelala chini ya kava ndani ya uji mweusi, na harufu iliyopanda ilikuwa ya jikoni, ya mafuta ya ng'ombe yaliyochemka. Nilijua hapo hapo. Sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Ukauliza, "Umefanyaje?"

Nikasema, "Umekatika. Mpira mbovu."

Maneno hayo tu, Chacha. Rafiki yako wa rika moja, tuliotahiriwa asubuhi moja, damu yetu ikamwagika kwenye majani yale yale, na sikuweza kukuambia ukweli ukiwa umelala umbali wa mkono. Niliogopa nini? Niliogopa ungenitazama. Basi.

Ukavuta pumzi ukasema, "Basi Wambura walimpa kitu kibovu. Mwambieni..." Maumivu yakakushika. Hukumalizia. Mwambieni nini? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Labda ulitaka kusema mwambieni asisikitike. Ndivyo ulivyokuwa.

Nilitupa mkanda kichakani, nikapangusa kila kitu kwa shati langu. Trekta lilipita saa saba, tukakupandisha kwenye tela. Hukuziona nyumba za Tarime. Bhoke alikushika kidevu njia nzima, hata baada ya kuwa hakuna haja tena.

Sasa sikia walivyoimalizia ile sentensi yako. Bhoke alieleza maneno yako ya mwisho kama alivyoyasikia, hakuongeza kitu. Lakini wazee wa boma lenu wakaongeza. Mwambieni ameniua. Mwambieni asikanyage kwangu. Siku ya mazishi Wambura aliinama achukue udongo wa kukutupia, baba yako mkubwa akamshika mkono akamwambia, "Wewe umeshamaliza kazi yako." Mbele ya watu wote. Wambura akauachia ule udongo, akasimama pembeni na mikono michafu mpaka watu walipotawanyika. Mimi nilikuwa nimeshika jembe. Niliendelea kufukia.

Akahama. Aliacha mahindi yake hayajapaliliwa, akaenda kwa mjomba wenu Machochwe kuchunga ng'ombe wa watu.

Usiseme nilikaa kimya tu. Nilikaa kimya miezi mitatu, hilo ni kweli, na halina utetezi. Kisha nikaenda kwa baba yako mkubwa. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikaeleza yote mbele ya wazee wanne na balozi wa nyumba kumi: mlio, kibuyu, mafuta, uongo. Unajua walifanya nini? Walinihurumia! Baba yako mkubwa aliniwekea mkono begani, akasema, "Mwita, una moyo mzuri, lakini usijitwike kosa la mtu. Tumepaka nira mafuta tangu babu wa babu. Mafuta yanalinda kitu." Balozi akasema rafiki wa namna yangu hapatikani tena siku hizi. Nilitoka pale nikiwa mtu wa kuheshimiwa kuliko nilivyoingia. Wallahi ningekuwa na uwezo ningejipiga kofi.

Nikaenda kwa Bhoke. Nikamweleza. Alikuwa anapepeta ulezi, akaacha. Akaniuliza, "Mafuta yale niliyokupa mimi?" Sikuwa nimefikiria hilo, Chacha, naapa sikuwa nimelifikiria. Akasema, "Basi shemeji, hayo maneno usinirudishie hapa." Akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo nikifika kwako ananipa maji ya kunywa, anaingia ndani.

Nikasema hapana, nitawaonyesha kwa macho. Kwenye karakana yako ulikuwa umetundika mkanda wa zamani, ule wa kwanza kabisa, hukuwahi kutupa kitu cha mpira. Nikakata vipande viwili. Kimoja nikakiweka kikavu juu ya dirisha, kimoja nikakilaza kwenye mafuta na kukianika karibu na jiko. Wiki tano. Kile cha mafuta kikavimba, kikalegea, jino ukilivuta kwa kucha linatoka. Nikawapelekea wazee vyote viwili. Baba yako mkubwa akavishika, akavigeuza, akatikisa kichwa. Akasema, "Unaona mwenyewe. Mpira wa siku hizi ni mbovu. Ndio huo Wambura aliotuletea."

Mtu wa kumweleza akaelewa ni wewe peke yako.

Jumatatu iliyopita nikaomba ruhusa kwa padre, nikaenda Machochwe. Sikuchukua gari, petroli ni ya wagonjwa. Nilidandia lori la mahindi, nikamalizia kwa miguu. Nilisema angalau Wambura ataniamini, maana yeye ndiye anayeumia. Nilimkuta malishoni amekonda, ana fimbo na koti lako la kijivu. Nikamwambia yote hapo hapo tumesimama. Nilijiandaa kwa fimbo ile. Niliitaka, hata.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kaka alisema mkanda ulikuwa mbovu, hakusema?"

Nikamwambia alisema kwa sababu mimi nilimdanganya.

Akasema, "Chacha hajawahi kukosea injini."

Nikamshika mabega nikamtikisa. Nikamwambia alikosea mara moja tu, siku ile, na ni mimi niliyemkosesha. Wambura akatazama ng'ombe. Akaniambia, taratibu kabisa, kwamba amekuwa akiufikiria mkanda ule kila siku, na sasa anakumbuka ulikuwa na ufa. Upande wa ndani, karibu na maandishi. Aliuona alipokuwa anauzungusha tumboni, akaona ni mdogo, akapuuza.

Chacha, haukuwa na ufa! Uliushika wewe, niliushika mimi. Nimemwambia hivyo, nikarudia, nikapaza sauti mpaka ndama wakakimbia. Akanipeleka nyumbani kwa mjomba, akanipa maziwa, akanisindikiza hadi barabarani. Akanituma nimsalimie Bhoke, na nimwambie amsamehe.

Sijafikisha salamu hizo. Sitazifikisha, maana msamaha huo si wake kuomba.

Ninaweza kuahidi nini, mimi nisiyeaminika hata nikisema kweli? Ahadi yangu ni hii. Nitarudi Machochwe mwezi ujao, na mwezi unaofuata, na kila mwezi padre akiniruhusu, na asiponiruhusu pia. Nitamwambia mdogo wako kwamba hapakuwa na ufa. Sitamwambia kitu kingine. Nitamwambia mpaka aniamini, na siku atakayoniamini nitasimama pale pale nipigwe.

Pumzika, mura. Ukikutana na baba yangu huko, mwambie mpira haupakwi mafuta.

Wako wa rika moja,
Mwita