Kanisani Sitoki

Kalemie, siku ya Mungu

Mudogo wangu Aristide,

Niko na miaka makumi nane na moja. Wazungu wa reli walienda, vita zikapita, kaka yetu Ignace tukamuzika, na mimi ningali naenda misa kwa miguu. Hapa muzee wa nguvu kama mimi hayuko.

Mvua ni mingi, samaki ndagala ni bei kali. Barua yako ya kutoka Zongwe nimesoma. Unaniita kwenye kanisa lenu, kule muntu aliyeoa bibi wawili anapewa komunyo. Asante, sitakuja.

Padri aliniambia: "Papa Donatien, achana na Mama Perpétue, utapokea komunyo." Perpétue ni mujane wa Ignace, ukoo njo ulinipa nimurithi kama bibi wa pili. Amezeekea kwangu. Nimufukuze aende wapi? Nikamujibu: "Padri, neno lako ni gumu. Yeye simufukuzi, na wewe sikukimbii."

Wakati wa komunyo mimi njo wa kwanza kwenye mustari, mikono nimefunga kifuani. Padri ananibariki kichwa, narudi kukaa bila kula. Inaniuma, mudogo wangu. Lakini nitarudi.

Ukisema najisifu, uliza bibi yangu wa kwanza, wa ndoa ya kanisa, Mama Elodie. Yeye anapokea, na akirudi kwenye benchi anaona uso wangu.

Kaka yako,
Donatien